Swichi za Cessna ya 1975 zinashika na kuachia: tubadilishe zote?

Swali: Sisi ni watu watatu tunaomiliki Cessna 172M ya mwaka 1975, na inalala Ukunda. Swichi ya taa ya kutua sasa inataka kubonyezwa mara mbili tatu ndipo taa iwake, na ukiigusa baadaye unakuta ina joto. Tangu mwezi jana mshale wa amita, kipimo cha mkondo, nao unatetemeka hata tukiwa angani kwa mwendo wa kawaida. Tukichezea upande wa alteneta (jenereta ya ndege) wa swichi kuu, mshale unatulia kidogo kisha unaanza tena. Rafiki yetu fundi wa magari anatushauri tupulizie dawa ya kusafisha, na ikishindikana tununue swichi za gari zinazofanana nazo pale Kirinyaga Road, Nairobi, tubadilishe zote siku moja. Tufanyeje?

Jibu: Hapana kwa yote mawili. Msibadilishe swichi zote, na za gari msinunue. Mlizozitaja ni hitilafu mbili zisizohusiana, na mojawapo huenda haiko kwenye swichi hata kidogo. Kinachotakiwa kwanza ni multimita, yaani kipima umeme, hata ile ya bei nafuu, na mhandisi wenu mwenye leseni akiwa karibu.

Nianze na taa, maana ndiyo rahisi. Watu wengi wakitaka kupima swichi huichomoa, huweka multimita kwenye omu, mita ikilia wanasema ni nzima. Kipimo hicho hupitisha mkondo mdogo mno. Swichi iliyobakiwa na mguso mwembamba itapitisha mkondo wa multimita bila shida, lakini ikibebeshwa amperi nane inaanza kuchemka. Pimeni ikiwa kazini. Wekeni multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kila mguu wa swichi, kisha washeni taa. Swichi nzima inayopitisha amperi saba au nane haitakiwi kuonyesha zaidi ya 0.1 V hivi kati ya miguu yake. Mkisoma 0.5 V, zidisheni kwa amperi nane: hizo ni wati nne za joto ndani ya kidude cha plastiki kisicho na pa kupumulia, na ndilo joto mnalolihisi kidoleni. Mkisoma volti zote za betri, yaani 12 na kitu, basi ndani imekatika japo kwa nje inaonekana imebonyea. Mkisoma karibu sifuri na taa haiwaki, msiilaumu swichi bado. Mkondo umekatikia mahali pengine.

Fanyeni vipimo haraka haraka, dakika moja moja. Taa ile imetengenezwa kupozwa na upepo wa ndege ikiwa mwendoni, na betri nayo haina alteneta ya kuisaidia mkiwa hangani.

Kwa dalili mnazozieleza nadhani swichi ya taa kweli imekwisha. Hata hivyo fuateni njia nzima kabla ya kuagiza kitu: kutoka kwenye baa ya umeme (kipande cha chuma kinachogawa umeme wa ndege) hadi sakiti breka, kutoka breka hadi swichi, kutoka swichi hadi taa, na kutoka taa hadi bodi ya ndege. Kwenye 172M taa hukaa puani, ndani ya kifuniko cha injini. Kila mara kifuniko kinaposhushwa kwa ukaguzi, waya zake hufunguliwa na kufungwa tena, na muda wote huo injini inazitikisa na kuzichoma kwa joto lake. Nimekuta viungio vya hapo vimelegea kiasi kwamba ukivuta kwa vidole viwili vinatoka. Halafu kuna mrejesho wa bodi. Ndege ya alumini hutumia mwili wake kama waya wa kurudi, na skrubu moja iliyoota unga mweupe chini ya kichwa inatosha kula volti nzima. Ukanda wenu wa Diani una chumvi hewani mwaka mzima, na masika huongeza unyevu. Huo unga mtaukuta, hasa kwenye taa za ncha za mabawa.

Sasa, kwa nini swichi ya taa ya kutua ndiyo huwa ya kwanza kufa? Taa ya asili ya aina ya 4509 ni ya wati 100 kwa volti 13, yaani kama amperi 7.7 ikishapata moto. Ila uzi wa tangsteni ukiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa moto. Kwa hiyo papo hapo unapobonyeza, mkondo unaruka mara kumi hivi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ndipo vinapogusana vile vipande viwili vya fedha ndani ya swichi, tena vikiwa bado vinadundadunda kabla ya kutulia. Kila mdundo ni cheche. Baada ya miaka mingi uso wa fedha unakuwa na mashimo na masizi, springi iliyopata joto inalegea, mguso unapungua, joto linaongezeka, springi inalegea zaidi. Swichi ikishaingia kwenye mzunguko huo hairudi nyuma.

Mwongozo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ambao mafundi wengi duniani huutumia, AC 43.13-1B, una jedwali la jambo hili. Kwa mfumo wa volti 12, chukua mkondo wa kawaida wa taa ya uzi, zidisha kwa 5, hicho ndicho kiwango ambacho swichi inatakiwa kuwa nacho. Kwa vitu vyenye koili, kama solenoidi (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme), au kwa mota unazidisha kwa 2, na kwa kipasha joto kwa 1. Kwa volti 28 masharti ni makali zaidi: taa huzidishwa kwa 8. Kwa taa yenu ya 7.7 hesabu inafika kama amperi 38.

Angalieni sasa ile swichi ya Kirinyaga Road. Ubavuni itakuwa imeandikwa labda 15A 125VAC, au 10A tu bila maelezo. Hizo amperi 15 ni za umeme wa AC, unaogeuka mwelekeo, ambao hufika sifuri mara 100 kila sekunde kwa umeme wa hezi 50 kama wa nyumbani, hivyo cheche hujizima yenyewe. Umeme wa betri haufiki sifuri kamwe. Cheche ikishawaka kati ya vipande inaendelea hadi nafasi iwe kubwa ya kutosha kuikata. Swichi ileile ya amperi 15 za AC inaweza kuwa haifai hata kwa nusu ya hapo kwenye DC. Rafiki yenu si mjinga. Kwenye gari la kisasa taa kubwa kwa kawaida huwashwa kupitia relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na swichi ya dashibodi hubeba mkondo mdogo tu. Kwenye 172 yenu mkondo wote unapita kwenye swichi yenyewe.

Kuhusu dawa ya kupulizia. Dawa nzuri za kusafisha miguso zipo, DeoxIT kwa mfano, na kwenye soketi za redio na vipokea sauti zinafanya kazi safi. Ndani ya swichi iliyofungwa kwa riveti hujui imefika wapi. Inaweza kufufua swichi kwa wiki chache, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa utaiamini, na springi iliyolegea bado imelegea. Mafuta kama WD-40 msiyapulizie kabisa nyuma ya dashibodi: hubaki, hushika vumbi, na vumbi lenye unyevu wa chumvi ni njia ya umeme. Wala msifungue swichi kukwangua kwa msasa. Fedha ile mara nyingi ni utando tu juu ya shaba; ukishauondoa, shaba itaoza upesi kuliko ulivyoikuta. Dawa naikubali kwa kazi moja: kutafuta ugonjwa. Ukipulizia na kipimo cha volti kikashuka, umethibitisha kuwa swichi ndiyo mbovu. Ibadilishe.

Tuje kwenye swichi kuu, ambayo kwangu ndiyo habari kubwa ya barua yenu, ingawa mmeiweka ya pili.

Ile swichi nyekundu iliyogawanyika nusu kwa nusu ni swichi mbili zinazofanya kazi tofauti. Nusu ya betri haipitishi umeme wa ndege. Inaunganisha koili ya solenoidi ya betri na bodi, na solenoidi ndiyo inayobeba mzigo. Nusu ya alteneta hupeleka umeme wa fildi, yaani wa koili ya sumaku iliyo ndani ya alteneta: kutoka kwenye baa, kupitia breka, kupitia swichi, kupitia kihisi cha volti kuzidi, hadi kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti. Na regyuleta hupima volti za ndege kupitia waya huohuo inaoutumia kulisha fildi. Hapo ndipo mshale wenu unapoanzia kutetemeka.

Tuseme mguso wa swichi umeongeza ukinzani wa 0.1 omu tu, na fildi inavuta amperi 2. Regyuleta inaona volti pungufu kwa 0.2. Inadhani ndege ina njaa, inaongeza mkondo wa fildi. Mkondo ukiongezeka, volti zinazopotea kwenye swichi nazo zinaongezeka, ila wakati huohuo alteneta imeshapandisha volti za baa. Regyuleta inashtuka, inakata. Mkondo unashuka, upotevu unashuka, inaanza upya. Mshale unacheza huku na huku, taa za dashibodi zinapumua, na kama redio ni za zamani mtasikia muungurumo ukifuata mdundo huohuo. Ndege nyingi hubadilishiwa regyuleta kwa dalili hii, kisha alteneta, kisha regyuleta tena, ilhali shida ni ile omu sehemu ya kumi.

Kuipima hakuhitaji kuwasha injini. Injini ikiwa imezimwa na funguo ya magneto ikiwa mfukoni mwa mmoja wenu, washeni nusu zote mbili za swichi kuu. Fildi itavuta mkondo wake. Ncha moja ya multimita iwe kwenye baa, nyingine kwenye mguu wa regyuleta unaopokea umeme. Ikizidi 0.2 V, mwizi yuko kwenye njia hiyo. Sasa mgawanye: pimeni kati ya miguu ya breka, kati ya miguu ya swichi, kati ya pande mbili za kila kiungio. Anayekula volti nyingi ndiye. Kwa kuwa mkiichezea swichi mshale unabadilika, naiwekea dau swichi yenyewe au vibano vya waya vilivyochomekwa nyuma yake, lakini breka ya miaka 50 isiyowahi kubonyezwa nayo huwa na ukinzani wake.

Nusu ya betri ikichoka, matokeo ni mabaya kwa namna nyingine. Mtikisiko kidogo unaachia solenoidi, betri inatoka kwenye mfumo, na alteneta inabaki peke yake kulisha redio. Betri ndiyo inayolainisha umeme wa alteneta. Bila betri volti zinaweza kuruka, na taa nyekundu ya volti kuzidi ikawaka baada ya kitu ghali kuwa kimeshaungua. Kwa sababu hiyo swichi kuu ikiwa na shaka yoyote mimi sisubiri kipimo kizuri sana. Ina springi mbili, ina umri wa nusu karne, na imeshaanza kusema. Wekeni mpya.

Kabla ya mpya kuwekwa, tafuteni kilichoiua ya zamani. Kwenye solenoidi ya betri kuna dayodi ndogo, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Koili yoyote ukiikatia umeme ghafla hurusha volti za kinyume, zinazoweza kufika mamia, na bila dayodi volti hizo humalizikia kama cheche ndani ya swichi. Solenoidi ikibadilishwa wakati mwingine dayodi hubaki kwenye ile iliyotupwa, au huvunjika mguu mmoja na kuning'inia. Mhandisi aikague ipo, nzima, na imeelekezwa upande sahihi. Ikielekezwa kinyume ni mkato wa moja kwa moja.

Habari ya dayodi inanipeleka kwenye swichi ambayo hamkuniuliza: ya funguo, ya magneto na kianzishi. Nawaomba muiangalie wiki hii hii. Swichi nyingine zote zikiharibika kitu kinazimika. Hii ikiharibika, kitu hakizimiki. Magneto, zinazotengeneza cheche za plagi za injini bila betri, huzimwa kwa kuunganishwa na bodi. Mguso ukichakaa, au waya ule ukikatika, funguo itasema OFF na magneto itakuwa hai, na anayesukuma propela kwa mkono kuingiza ndege hangani anaweza kuiwasha injini usoni pake.

FAA imetoa amri mbili za zamani kuhusu swichi hizi, na ndege zilizosajiliwa 5Y, yaani Kenya, hazisamehewi kwa kuwa mbali na Marekani. Ya kwanza, AD 76-07-12, inahusu swichi za Bendix na inadai ukaguzi kila saa 100. Ya pili, AD 93-05-06, inahusu swichi za ACS, zile zilizojulikana pia kama Gerdes. Inadai ukaguzi na ulainishaji kila saa 2000, pamoja na dayodi kwenye solenoidi ya kianzishi, kwa sababu ileile ya cheche. Mhandisi wenu atasoma nyuma ya swichi ni ya nani, kisha atafute kwenye vitabu vya ndege kama kazi ilifanyika. Kwa upande wenu marubani, kabla ya kuzima injini mwisho wa safari, ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, zungusheni funguo hadi OFF kwa sekunde moja. Injini ianze kufa mara moja, mrudishe BOTH (magneto zote mbili). Msifanye hivyo kwenye mzunguko wa juu. Petroli isiyoungua italipukia kwenye bomba la moshi na kupasua mafla. Na kama funguo inachomoka ikiwa mahali pengine pasipo OFF, swichi hiyo imekwisha, hakuna mjadala.

Mnapoagiza, agizeni kwa namba ya kipuri iliyo kwenye katalogi ya ndege yenu, kwa namba ya usajili ya kiwandani ya fremu yenu, kwa sababu Cessna ilibadilisha swichi katikati ya miaka. Kipuri kije na hati ya kuachiliwa, inayothibitisha kuwa kinafaa kwa ndege: FAA 8130-3 au EASA Form 1 ya mamlaka ya Ulaya. Najua mtaniambia swichi kama hiyo inauzwa kwenye maduka ya boti kwa robo ya bei, na pengine imetoka kiwanda kilekile. Pengine. Mhandisi wenu anaweka saini yake chini ya ile hati, na KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, ikija kukagua itauliza karatasi. Marekani rubani mwenye ndege ameruhusiwa kisheria kurekebisha mwenyewe waya uliokatika wa taa ya kutua na kubadili balbu zake. Ruhusa hiyo msiiazime, fuateni ya kwenu.

Betri ikatwe kabla ya mtu kuingiza mkono nyuma ya dashibodi. Mpige picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Vibano vya zamani visirudishwe kwenye swichi mpya: vikishapata joto hupoteza ugumu, vinaonekana vimeshika na havijashika, na rangi ya kahawia au samawati kwenye shaba ndiyo dalili. Kata waya nyuma hadi uone nyuzi zinazong'aa. Pwani huko mara nyingi ni sentimita kadhaa, kijani kimeingia chini ya ganda. Bana kwa koleo maalumu la ndege, lile lisiloachia hadi libane sawasawa. Msitumie risasi ya kuchomelea, maana huugeuza waya kuwa mgumu pale mwanzoni na mtikisiko huukatia hapo hapo.

Swichi nyingine zote, za taa za mabawa, taa ya mzunguko, kipasha joto cha pito (bomba la kupimia mwendo), zipimeni kwa ule mtindo wa volti kati ya miguu mkiwa mmeshafungua dashibodi. Iliyo chini ya 0.1 V, haichezi, haina harufu na haijabadilika rangi, iacheni. Kung'oa swichi nzima nyuma ya waya zenye ganda la miaka 50 ni njia ya uhakika ya kutengeneza hitilafu mpya.

Kuna jambo moja ambalo lingewapunguzia kazi: taa ya kutua ya LED iliyoidhinishwa kwa ndege yenu. Haina ule mruko wa mkondo wa uzi baridi, mkondo wake wa kawaida ni sehemu ndogo ya ule wa 4509, na 4509 yenyewe imekadiriwa kuishi saa 25 tu. Bei inauma siku ya kwanza. Mkiiweka, wekeni na swichi mpya, msiiachie ile iliyokwisha kwa kuwa mzigo umepungua, na sikilizeni redio taa ikiwa imewaka kabla ya kulipa, maana baadhi hutoa kelele.

Kuhusu kuruka kwa sasa: taa ya kutua mbovu mchana, kwa safari zenu binafsi, mhandisi anaweza kuiandika, swichi yake ikafungwa isitumike, na breka ikawekewa alama. Swichi kuu hapana. Mshale unaotetemeka leo ni alteneta itakayokatika siku nyingine, na kati ya Ukunda na uwanja wa Wilson, Nairobi, kuna muda mrefu wa kuishi kwa betri peke yake. Ndege ikae hadi ipimwe. Na ikitokea harufu ya kuungua angani kabla ya hapo, zimeni swichi inayoshukiwa, fuateni utaratibu wa moto wa umeme ulio kwenye kitabu cha ndege, na breka iliyoruka msiirudishe.

Mkishapima, niandikieni namba tatu: volti kati ya miguu ya swichi ya taa ikiwa imewaka, volti kutoka baa hadi regyuleta injini ikiwa imezimwa, na volti kati ya miguu ya nusu ya alteneta. Mniambie pia swichi ya funguo ni ya kampuni gani. Kwa hizo nitaweza kuwaambia kama mnaagiza swichi mbili au na breka moja juu.